Ng'ambo ya Unguja: Nyumba ya Udongo na Hadhi ya Mwenyewe



Nimetakwa jioni hii niseme habari za Ng'ambo, na sina budi kutanguliza neno kwamba mtaa huu mkubwa, ijapokuwa umo mlangoni petu, umeandikwa kwa uchache na kusimuliwa kwa uchache zaidi kuliko unavyostahiki. Mgeni ashukaye bandarini Malindi hupokewa na milango ya nakshi, hupelekwa Beit al Ajaib na Ngome Kongwe, husomewa tarikhi ya Masultani na Mabalozi, kisha akarudi kwao akiamini kuwa ameuona mji wa Unguja. Ilhali tangu karne ya 20 ilipokuwa changa wengi wa watu wa mji huo walikuwa wakilala upande wa mashariki, katika nyumba za miti na udongo ambazo ni nadra mwongoza wageni kusimama mbele yake akanyoosha kidole.

Mji wa mawe, kama mjuavyo, ulijengwa juu ya rasi ya Shangani. Mkono wa bahari uliingia kutoka upande wa Funguni, ukapita nyuma ya mji hata karibu na Mnazi Mmoja, na hapo palibaki ukanda mwembamba tu wa ardhi ulioiunganisha rasi na kisiwa. Maji yakijaa, mashua ziliweza kuelea. Yakipwa, palikuwa na tope jeusi, harufu isiyosemeka, na watoto wakitafuta kaa. Daraja lilitiwa juu ya maji hayo, nalo ndilo lililoacha jina la Darajani, palipofunguliwa soko kuu mwaka 1904, na mpaka leo mwenye kutaka pweza, embe au kitambaa cha suruali huelekea huko. Pwani yenyewe haipo tena. Ilifukiwa kidogo kidogo, kwa takataka, kwa mchanga na kwa kifusi, kazi iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na ambayo haikwisha ila kuelekea mwisho wa miaka ya 1950. Na leo gari hupita juu ya mahali palipokuwa na maji, na vijana waliozaliwa Mlandege au Vikokotoni hawajui kuwa bibi zao walilazimika kuvuka daraja ili wafike sokoni.

Seyyid Said bin Sultan alipoyahamishia Unguja makao ya dola yake katika miaka ya 1830, na mikarafuu ikaenea mashambani, mji ulihitaji mikono: waashi, mahamali, wapagazi wa safari za bara, mabaharia, wapishi, wafuaji nguo, wachukuzi wa maji. Watu hao hawakupata nafasi ndani ya rasi, na baadhi yao hawakuitaka. Walivuka, wakajenga katika mashamba ya minazi, miembe na michenza ya matajiri, na miti hiyo ndiyo iliyoipa mitaa majina: Mwembe Tanga, Mwembe Shauri, Mwembe Njugu, Mwembe Makumbi, Mwembeladu, Miembeni, Michenzani. Mitaa mingine ilichukua jina la mtu aliyekuwa na shamba, kisima au msikiti hapo, kama Kwahani na Kwa Alinatu. Kwa hakika hapana liwali wala balozi wa Kiingereza aliyebandika majina hayo, na hii ni sababu mojawapo ya kudumu kwake.

Lakini Ng'ambo hasa, ile iliyojaa watu mpaka ikaupita mji wenyewe, ilizaliwa na jambo jingine, nami naomba niseme juu yake kwa kirefu kidogo, maana bila ya kulifahamu mtu hawezi kufahamu lolote lililofuata.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Muhammad akatoa amri ya kuondoa utumwa usitambuliwe tena na sheria. Wengi wetu tulifundishwa skuli kuwa siku hiyo minyororo ilikatika. Haikukatika kwa wepesi huo. Mtumwa aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani akaudai. Masuria hawakuhisabiwa katika amri hiyo, na iliwabidi wangoje mpaka mwaka 1909. Na zaidi ya yote, amri ilisema kuwa mtu akishatambuliwa huru sharti aonyeshe kwamba ana maskani maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo atahisabiwa kuwa mzururaji. Tafakarini maana ya sharti hilo kwa mtu aliyeinuka shambani asubuhi akiwa na kisutu au shuka moja, akaufuata mji. Uhuru wake ulikuwa na masharti, na sharti la kwanza lilikuwa nyumba. Kibanda alichokisimamisha Ng'ambo, hata kikiwa cha chumba kimoja na mlango wa makuti, kilikuwa sitara ya mwili, na kilikuwa vilevile ithibati mbele ya hakimu kwamba mwenyewe ni mtu miongoni mwa watu. Mimi huona kwamba kadhia zote za Ng'ambo kwa miaka sabini iliyofuata, ugomvi wa ijara, siasa, hata mapinduzi, zina mzizi wake hapa.

Na nyumba yenyewe ilikuwaje? Wale wanaoitaja kwa jina la kibanda hawakupata kuitazama ikijengwa. Kwanza zilisimamishwa nguzo na boriti za mikoko, zikafungwa fito kwa kamba za makumbi, moja ndani na moja nje, mpaka ukuta ukawa na tumbo tupu baina ya fito na fito. Udongo mwekundu ulimwagiwa maji tangu jana yake, ukakanyagwa kwa miguu, kazi ya vijana na kelele zao, hata ukalainika. Kisha ukakandikwa, watu wawili wakielekeana, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja akilipiga donge lake kwa kiganja ili likutane na la mwenzake katikati ya ukuta. Vijiwe vilichomekwa kabla udongo haujakauka. Mwenye uwezo alipaka chokaa, na asiye na uwezo alingoja mwakani. Juu yake makuti ya viungo, na baadaye mabati, au madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Ndani palikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele mpaka uwani, na vyumba kulia na kushoto. Uwani palikuwa na jiko, choo, na pengine kisima walichoshirikiana majirani. Chumba kimoja au viwili vilipangishwa, kwa kuwa daima kulikuwa na mgeni aliyefika juzi kutoka Makunduchi, Ngazija au Unyamwezini, asiye na ndugu mjini. Kwa njia hiyo mwenye nyumba na mpangaji walilala chini ya paa moja, wakateka maji katika kisima kimoja, na ilikuwa vigumu mmoja kumtazama mwenziwe kwa jicho la juu kama ilivyokuwa katika majumba ya ghorofa upande wa pili.

Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza. Sitaki kusema mengi juu ya baraza, maana imekuwa desturi siku hizi kila mwandishi wa habari za pwani kuitukuza mpaka msomaji akachoka; nitasema tu kwamba jioni, muuza kahawa alipopita na dele lake la shaba akivigonganisha vikombe mkononi, hapo ndipo bei ya karafuu, hukumu ya kadhi, posa iliyokataliwa na mpira wa Mnazi Mmoja vilipopimwa na kuamuliwa, na kijana aliyekuwapo alijifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusema. Lililo adimu katika vitabu ni upande wa uwani. Wanawake wa Ng'ambo walikuwa na njia zao, kupitia mlango wa nyuma na vichochoro, hata mtu akaweza kwenda kutoka Kikwajuni mpaka karibu na Kisimamajongoo kwa kupiga hodi uwani tu; na katika njia hizo ndizo zilizopita habari za ngoma ya lelemama, michango ya harusi, fungu la upatu, na kanga zilizonunuliwa sare na chama kizima. Mwanamke aliyezaliwa na mama mtumwa, ambaye zamani hakuruhusiwa kufunika kichwa chake mbele ya waungwana, alivaa kanga jozi na buibui akapita Darajani, na hapana aliyethubutu kumuuliza ukoo wake. Kama hamkuyazingatia mavazi hamkuufahamu uhuru wa watu hawa.

Sasa nije katika ardhi, mahali palipokuwa na uchungu. Katika Unguja ya wakati ule mtu aliweza kumiliki nyumba asimiliki ardhi iliyo chini yake. Viwanja vingi vya Ng'ambo vilikuwa mali ya aila za Kiarabu, na baadhi yake viliwekwa wakfu, kwa ajili ya msikiti, kwa ajili ya walioachwa huru na ukoo ule, au kwa ajili ya maskini tu. Na katika zama za kwanza aliyetaka kujenga alimwendea mwenye shamba, akampa salamu na pengine kuku wakati wa sikukuu, akaruhusiwa. Uhusiano huo ulikuwa wa hisani, na hisani ina dhila zake, lakini haukuwa wa fedha. Mambo yaligeuka pale mashamba yalipotiwa rehani na kuangukia mikononi mwa wafanya biashara na wakopeshaji, wengi wao Wahindi, na pale ardhi ya wakfu ilipowekwa chini ya idara iliyoanzishwa mwaka 1905, ikasimamiwa kwa daftari. Kiwanja kilichokuwa hisani kikawa ijara. Ijara ikapanda. Wenye nyumba waliambiwa walipe, na ambaye hana, aivunje nyumba yake akachukue miti yake, aondoke.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walikataa. Naomba niwakumbusheni kuwa wakati huo hapakuwa na chama cha siasa hata kimoja cha kuwaongoza, wala gazeti la kuwasemea. Walikuwa wachukuzi, maseremala, wauza samaki, wapika vitumbua na wasusi wa mikeka, na walikubaliana barazani na uwani kuwa hapana atakayelipa ijara ya ardhi. Hoja yao ilikuwa na mantiki ya dini na ya ada pamoja: ardhi hii tulipewa, na wakfu hauuzwi. Walishitakiwa, wapo waliotiwa ndani, na umma ukafura, wanawake wakiwa wengi mbele. Na mwisho serikali ya himaya ya Kiingereza, ambayo kwa kawaida haikuwa nyepesi kuwasikiliza watu wa upande huo, ililazimika kuitungia ijara sheria ya kuizuia isipande ovyo. Wanahistoria wa vyama huanza hesabu yao katika miaka ya 1950. Mimi naianza hapa, wala sioni haya kusema kuwa waliojenga hoja hiyo walikuwa na ujuzi zaidi wa siasa kuliko baadhi ya waliokuja baadaye na maikrofoni.

Mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay akatiwe sauti yake katika santuri. Yeye alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akawa akitembeza vyungu alivyovifinyanga mama yake, akaingia mjini mwaka 1911, na nyumba yake Ng'ambo ikageuka kuwa majilisi ya usiku, akiimba pamoja na akina Subeti Ambari, Mbaruk Talsam, Buda Suwedi na Maalim Shaaban. Taarab ilikuwa imekaa katika kasri ikiimbwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na katika nyimbo zake zilipita habari za mahakama, za tajiri aliyemdhulumu mjane, za mwizi mwenye cheo aliyepatikana. Marehemu Shaaban Robert alimwandikia wasifu, heshima ambayo mwanamke wa asili yake asingeliitazamia katika zama zake. Siti alifariki mwaka 1950. Wapenzi wake walitoka kila upande wa mji, na Waarabu na Wahindi waliokuwa na hadhi kubwa walivuka kwenda kumsikiliza, na haya ndiyo nipendayo kuyataja kila asemapo mtu kwamba Ng'ambo iliishi kwa kuiga ya Shangani.

Wataalamu wa mipango nao walikuja. Mwaka 1923 ilitolewa ripoti ya Bwana H. V. Lanchester, mchora miji wa Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga Raha Leo jengo la umma na ukumbi wake, ikijaribu na nyumba za mfano. Mwaka 1958 ulitoka mpango mwingine. Na mwaka 1968, baada ya mapinduzi, mwingine tena kutoka kwa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki. Tawala hizi zilikuwa na itikadi zilizopingana, walakini katika jambo moja ziliafikiana ajabu: zote ziliitazama Ng'ambo kutoka juu, katika ramani, na zote zikaona msongamano unaotaka kunyooshwa. Sisemi hazikuwa na hoja. Maji machafu yalisimama, moto uliposhika makuti ulikwenda nyumba kwa nyumba, na kifua kikuu kilikuwako. Nasema tu kuwa ramani haionyeshi njia za uwani.

Ya siasa nitayapita upesi, kwa kuwa yamekwisha kusemwa sana. Katika uchaguzi wa Julai 1957 Abeid Amani Karume, baharia wa zamani, alimshinda Sheikh Ali Muhsin, kiongozi wa chama pinzani, katika jimbo la Ng'ambo. Chama chake cha Afro-Shirazi kilikuwa na makao yake Kisiwandui. Na tarehe 12 Januari 1964, baada ya kuvamiwa kambi za polisi za Ziwani na Mtoni usiku wa kuamkia siku hiyo, ilikuwa Raha Leo, palipokuwa na kituo cha redio, ndipo dola mpya ilipotangazwa. Ukumbi ule wa himaya, uliojengwa ili watu wa mtaani wapate kustarehe kwa adabu, ulitumika kuiangusha serikali iliyourithi kwa Mwingereza, na sijui kama tarikhi hucheka, lakini mara nyingine huonekana hivyo. Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha. Damu ilimwagika, majirani wa miaka mingi walikimbia au walizikwa, na mitaa ya Ng'ambo ilipoteza watu ambao mpaka leo majina yao hutajwa kwa sauti ya chini.

Tarehe 8 Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali. Kwa hiyo, kwa mstari mmoja wa kalamu, ijara ile iliyowafanya watu wafungwe mwaka 1928 ilikufa. Kisha Mzee Karume, aliyekuwa sasa Rais, akawaahidi watu nyumba, akaanza Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na mwisho akaingia Michenzani: barabara mbili pana zilikatwa katikati ya mitaa zikipishana msalaba, na kandokando yake yakainuliwa majumba marefu ya saruji, baadhi yakikaribia mita 300, kwa mikono ya wananchi waliokwenda kujenga taifa kabla ya kwenda kazini mwao. Nyumba nyingi za udongo zilivunjwa kuyapisha. Mwenyewe hakuyaona yakikamilika. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 palepale Kisiwandui, na huko ndiko alikozikwa.

Majumba ya Michenzani yamepata wahukumu wa namna mbili. Wako wasemao ni madude yasiyo na haya, yaliyoharibu sura ya mji, na hawa aghalabu hawakupata kulala katika nyumba inayovuja. Wako wasemao ni ukombozi uliotimia, na hawa nao hawakupata kupanda ghorofa ya sita na ndoo ya maji kichwani, siku ambazo mfereji ulikosa nguvu ya kuyapandisha. Rai yangu ni kuwa familia iliyopewa fleti yenye umeme, choo cha ndani na mlango wa kufuli, bila ya kuulizwa baba yao alikuwa mtumwa wa nani, ilipewa kitu kikubwa, na asiyekubali hilo hana insafu. Ila ilipewa na serikali, na wala haikukijenga yenyewe, na tofauti hiyo ilidhihiri ndani ya miaka michache. Ukuta wa udongo ulioanguka ulikandikwa tena siku ya Ijumaa na majirani. Bomba la saruji lililopasuka lilingojewa idara. Hata hivyo watu hawakukubali kuishi kama walivyochorewa: chini ya ngazi pakawa na baraza, juu ya veranda pakatiwa jiko la makaa, kinamama wakateremsha vikapu kwa kamba kununua kwa muuza mboga aliyesimama chini, na ghorofa zikajifunza kupiga hodi.

Leo katika Ng'ambo nyumba za udongo zilizobaki zinahesabika, na kila mwezi moja hushuka ikasimama ya matofali, na pengine ghorofa ya maduka. Sina haki ya kumlaumu anayejenga. Watoto wameongezeka, na udongo hauwatoshi. Mji Mkongwe uliandikishwa mwaka 2000 katika urithi wa dunia, na una sheria za kuulinda hata rangi ya dirisha. Ng'ambo haikuandikishwa, na wala siombi iandikishwe, kwa kuwa mtaa uliozoea kujijenga upya utakufa ukikatazwa kufanya hivyo.

Ninaloomba ni dogo zaidi na la haraka. Katika masanduku ya wazee wetu, Mwembe Tanga, Kwahani, Jang'ombe, Kisimamajongoo, zimo karatasi ambazo wengi hawazijui thamani yake: risiti za ijara ya kiwanja, hati za wakfu zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, barua za uhuru za mahakamani, picha za vyama vya lelemama, daftari za michango ya mazishi. Nyingi hutupwa siku ya arubaini pamoja na godoro la marehemu. Kabla hamjazitupa, zipelekeni Nyaraka za Taifa, Kilimani, au angalau msomeeni kijana mmoja wa nyumba akaziandike kwa mkono wake; na aliye na mzee anayekumbuka mahali kisima kilipokuwa, na nani alikichimba, basi asingoje mhadhara mwingine, akamuulize kesho.